Lisansi mbili: ile ya chuo na ile ya kode



Kwenye ukurasa huu kila mtu ana lisansi. Tuliipata kwa miaka ya kazi, kwa silabusi za kukopeshana, kwa TFC iliyochapwa usiku wakati umeme unarudi. Lakini kuna lisansi ingine ambayo hatukufundishwa: ile unayoweka ndani ya programu uliyoandika wewe mwenyewe, ili wengine wajue wana ruhusa ya kufanya nayo nini. Hiyo tunaiweka bila kuisoma. Leo nataka kuikosoa, mazoea yetu kwanza, halafu maandishi yenyewe. Mimi si mwanasheria. Mimi ni mtu wa udongo aliyejifunza kuandika kode kidogo, na aliyelipa bei ya kutosoma.

Miezi michache iliyopita mudogo mmoja wa agronomia alinionyesha programu yake ya kuhesabu mbegu na mbolea ya mahindi. Kazi safi. Nikamuuliza: “Ulitia lisansi gani?” Akajibu mara moja: “MIT, yaya. Iko mufupi, na bantu yote banatia ile.” Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mwaka 2021 mimi pia nilitoa jibu lile lile, kwa sababu zile zile mbili: ni fupi, na watu wote wanaitumia. Hakuna hata sababu moja pale inayohusu mkulima.

Programu yangu ilikuwa kitu kidogo cha simu. Unajua udongo wetu wa Lualaba una asidi nyingi. Ukipanda mahindi bila kuurekebisha, mbolea unayomwaga inapotea bure. Basi programu ilikuuliza pH ya udongo na ukubwa wa shamba, ikakuambia uweke mifuko mingapi ya chokaa. Niliitengeneza kwa ajili ya kikundi cha wamama wanaolima upande wa barabara ya Mutshatsha. Kode, yaani maandishi yenyewe ya programu, nikaiweka wazi kwenye intaneti na lisansi ya MIT chini. Nilijisikia mtu mkarimu.

Sosiete moja ya huduma, iliyokuwa na kontra ya mradi wa kilimo, ikaichukua. Ikaiweka kwenye serveri yake, ikabadilisha rangi, ikatoa jina langu, ikawapa maingenieri wake neno la siri la kuingilia. Mpaka hapo sikukasirika sana. Kilichoniuma kilikuja nyuma. Wale maingenieri walipima udongo kwa misimu miwili, wakaona kwamba hesabu yangu ina kosa: nilitendea udongo wa mchanga sawa na udongo wa mfinyanzi. Kumbe mchanga unahitaji chokaa kidogo sana kuupandisha pH ile ile. Wakasahihisha. Masahihisho yakabaki kwenye serveri yao. Mimi nikabaki na hesabu ya kosa bila kujua, na wale wamama, wengine wakiwa na mashamba ya mchanga mtupu, wakaendelea kununua mifuko ambayo udongo wao haukuiomba. Chokaa inatoka mbali, na pesa ya lori analipa yeye mwenye jembe.

Nilipata habari kwa rafiki aliyefanya kazi mule. Nikaenda kuuliza kama wanaweza kutupatia hesabu iliyosahihishwa. Mkubwa wao hakunitukana. Alinijibu kwa heshima: “Papa ingenieri, ni weye mwenyewe ulitupatia ruhusa. Soma lisansi yako.” Nikarudi nyumbani nikaisoma, mara ya kwanza kabisa. Alikuwa na haki, karibu yote.

Tuisome basi pamoja. MIT haina hata maneno mia mbili. Inasema mambo matatu. Kwanza, mtu yeyote afanye anachotaka: atumie, abadilishe, auze, afunge. Pili, ile taarifa ya haki ya mwandishi na ruhusa yenyewe vibaki ndani ya kila nakala. Tatu, programu ikiharibu kitu, mwandishi hatadaiwa. Hapo ndipo mwisho. Wale mabwana walikosea kwenye jambo la pili tu, sababu walitoa jina langu ndani ya mafaili. Lakini jina langu halikuwa shida ya wamama. Kufunga masahihisho, MIT inakuruhusu waziwazi.

Kwa hiyo sikosoi MIT kuwa mbaya. Ni maandishi ya uaminifu, yanasema kweli yanachofanya. Ninakosoa namna tunavyoichagua, kama mtu anayesaini kontra kwa sababu ina ukurasa mmoja. Hapa Kolwezi, sisi kati ya watu wote wa dunia, tungepaswa kuogopa zoea hilo.

Najua mnaona nakokwenda. Kila mmoja wetu anaweza kuongea juu ya Kodi ya Madini ya 2002 na marekebisho yake ya Machi 2018 mpaka asubuhi. Tunajua redevansi ya shaba ni asilimia 3.5, na kobalti ilipotangazwa madini ya kimkakati ikapanda hadi 10. Tunajua asilimia 15 ya redevansi inapaswa kwenda kwa maeneo yenye mamlaka yao yanayochimbwa, na tena sosiete inapaswa kuweka 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Tunauliza kila siku: nini kinarudi? Halafu jioni tunafungua ordinateri, tunaandika programu yetu wenyewe, na tunaitoa kwa masharti ambayo swali hilo halimo kabisa.

Lakini mfano wa madini una mpaka wake, na lazima niuseme, kama sivyo nitakuwa nawadanganya. Shaba ikiondoka, shimo linabaki. Kode ikichukuliwa, yangu bado ninayo. Hakuna aliyeniibia. Nilichokosa ni kile kilichoongezwa juu ya kazi yangu, ile thamani iliyopatikana kwa kupima udongo wetu, katika mashamba yetu. Na hapo ndipo lisansi zinapotofautiana: si juu ya kuchukua, ni juu ya kilichoongezwa.

Kabla ya kwenda mbele, niitetee ruhusa ya wazi, sababu imetulisha. Nani kati yenu hajafanya uchunguzi wa shamba au wa nyumba kwa nyumba akiwa na KoboCollect kwenye simu? Ile programu haikuanzia sifuri. Imejengwa juu ya ODK, iliyoanza mwaka 2008 kwenye Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na ODK inatolewa kwa lisansi ya Apache 2.0. Apache ni ndugu ya MIT: ndefu zaidi, inaongeza ruhusa ya hataza, lakini nayo haidai masahihisho yabaki wazi. Kwa sababu ya ukarimu huo, watu wa Kobo, ambao jina lao wamelitoa kwenye neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha, waliweza kuichukua na kuitengeneza kwa kazi zao. Leo mchunguzi wa Fungurume na wa Goma wanabeba kitu kimoja. Kama ODK ingekuwa na masharti makali, labda hadithi ingekuwa ingine.

Lakini angalieni jambo ambalo wanaosifu Kobo hawalisemi. Sehemu ya simu ni Apache. Sehemu ya serveri, mahali ambapo fomu zinatengenezwa na data inakusanywa, wameitoa kwa AGPL, lisansi kali kuliko nyingi. Nyumba moja, milango miwili, funguo mbili. Hawakuuliza “lisansi nzuri ni ipi?” Waliuliza, kwa kila kipande, nani atakichukua na atakifanya nini. Ushahidi ya Kenya, iliyozaliwa Januari 2008 baada ya fujo za uchaguzi na ambayo mwaka ule ule ilitumika kwa vita ya mashariki ya Congo yetu, nayo ilianza na LGPL, iliyo laini zaidi, na jukwaa lake jipya likahamia AGPL. Wakubwa wanabadilisha mawazo. Sisi tunanakili.

Basi hizo kali zinafanya nini? GPL, iliyo katika toleo la tatu tangu 2007, inasema hivi: ukimpatia mtu programu, umpatie na kode yake, pamoja na mabadiliko yako, chini ya lisansi ile ile. Wengi wetu tunaieleza vibaya. Tunasema “GPL inamlazimisha arudishe kwa mwandishi.” Hapana. Inamlazimisha atoe kwa yule aliyepokea programu. Mwandishi anaweza asipate kitu mkononi, ila aliyepokea ana haki ya kumpatia, au kumpatia jirani, au kuitangaza.

Sasa rudini kwenye kisa changu. Ile sosiete haikumpatia mtu programu. Iliiweka kwenye serveri, na watu wakaingia kwa mtandao. Chini ya GPL, hilo halihesabiwi kuwa kumpatia mtu nakala. Ningeweka GPL kwa kiburi chote na bado ningekosa. AGPL iliandikwa kwa tundu hilo: ukibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape hao watumiaji njia ya kupata kode uliyobadilisha. Rafiki yangu aliyefanya kazi mule angekuwa na haki ya kuiomba, na kunipa, bila kuiba na bila kuogopa.

Je, AGPL ingetuokoa kabisa? Ninajibu kwa ukweli: si hakika, kwa sababu mbili. Ya kwanza, zile nambari za chokaa zikiwekwa kando, kwenye jedwali lisilo sehemu ya programu, zinakuwa data, na lisansi ya kode haizifikii. Ya pili ni nzito zaidi. Sosiete nyingi zinaikimbia AGPL. Google imetangaza wazi kwamba haikubali kode ya AGPL itumike ndani ya kazi zake. Inawezekana wale mabwana wangeiona, wakafunga mlango, na vile vipimo vya misimu miwili visingefanyika kwenye programu yangu. Anayechagua lisansi kali lazima akubali kwamba wengine watapita bila kuingia. Mimi ninakubali. Bora programu itumiwe na wachache wanaoshirikiana kuliko ikue mahali ambapo waliozaliwa nayo hawaingii. Ukinipinga hapa, nitakusikiliza. Lakini unipinge baada ya kusoma.

Kuna tena njia ya katikati ambayo hatuitumii. Kode ikiwa yako peke yako, unaweza kuitoa kwa AGPL kwa wote, na kwa sosiete isiyotaka masharti hayo ukasema: njoo tuongee, tufanye kontra ya pembeni, ulipe au utoe vipimo. MySQL iliishi hivyo miaka mingi, na GPL upande mmoja, na lisansi ya kulipia upande mwingine. Ndiyo maana napenda ile kali: inakupa kiti mezani. MIT inatoa vyote kabla mazungumzo hayajaanza. Angalia tu, marafiki wakianza kukuandikia vipande vya kode, navyo ni vyao. Mkubaliane mapema, si siku pesa imeonekana.

Sasa niyakosoe maandishi yenyewe, sababu hata hayo makali hayakuandikwa kwa ajili yetu. GPL na AGPL ni halali kwa Kiingereza tu. Tafsiri zake si rasmi. Msomi wa Kolwezi, aliyesoma kwa Kifaransa na anayeongea Kiswahili sokoni, anasaini karatasi ya maneno zaidi ya elfu tano katika lugha ambayo wengi hapa hawaijui vizuri. Wafaransa waliona shida hiyo. CEA, CNRS na INRIA walitoa CeCILL mwaka 2004, ambayo Kifaransa chake kina nguvu sawa na Kiingereza. Lakini inafuata sheria ya Ufaransa. Umoja wa Ulaya una EUPL, toleo la 1.2 la mwaka 2017, katika lugha zaidi ya ishirini, Kifaransa kimo, na inagusa hata programu zinazotumiwa kwa mtandao. Nilifurahi sana. Nikasoma mpaka mwisho. Kipengele cha 15: mtoa lisansi asiyekaa katika nchi ya Umoja wa Ulaya, lisansi yake itafuata sheria ya Ubelgiji, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana vingine.

Bandugu, nilicheka peke yangu ndani ya chumba. Mwaka 1960 tuliwaaga, na mtoto wa Kolwezi anayeandika programu ya chokaa leo anarudishwa Brussels na karatasi anayoichagua mwenyewe. Na kipengele cha 14 kinapeleka kesi kwenye tribunali ya mahali anapokaa mtoa lisansi. Mnaona picha? Jaji wa Kolwezi anafungua vitabu vya Ubelgiji kwa ajili ya shamba la barabara ya Mutshatsha. Sisemi EUPL ni mbaya. Nasema haikutufikiria, na si kazi yake kutufikiria.

Na sheria yetu? Tuna ordonansi-loa namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za waandishi, na tangu Machi 2023 tuna Kodi ya Dijitali. Tena Congo iko ndani ya Mkataba wa Berne. Kwa hiyo jueni hili, wanaosema “mimi sitatia lisansi yoyote, iwe huru”: mnafanya kinyume. Kazi isiyo na lisansi ina ulinzi kamili wa mwandishi. Aliye mwaminifu hataigusa, na asiye mwaminifu atachukua tu. Kunyamaza kunamfungia mlango yule mkulima au mwanafunzi anayeogopa kukosea.

Kuna watakaosema: lisansi ni karatasi, nani atakwenda tribunali? Swali la haki. Sosiete ndogo ya Ufaransa, Entr’Ouvert, ilikuwa na maktaba ya kode iitwayo Lasso chini ya GPL. Orange iliitumia katika kazi ya serikali bila kutimiza masharti. Kesi ikaanza 2011. Hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Paris ikatoka tarehe 14 Februari 2024, na Orange ikahukumiwa kulipa zaidi ya euro 500,000. Miaka kumi na mitatu. Unaweza kuisoma kama ushindi, au kama onyo. Mimi naisoma hivi: kule Paris karatasi ilishikilia, lakini ilihitaji mtu wa kuishikilia. Hapa kwetu, kwa sasa, nguvu ya lisansi iko zaidi kabla ya kesi: katika barua ya kwanza, katika mazungumzo na mradi, katika aibu ya anayeonyeshwa kipengele alichovunja. Mkubwa yule aliniambia nisome lisansi yangu, na maneno yake yakanifunga mdomo. Ningekuwa na maneno mengine pale, angefungwa yeye.

Basi nilifanya nini? Lililotolewa kwa MIT haliwezi kurudishwa. Nakala ya 2021 itabaki MIT milele, na sawa. Lakini toleo jipya niliandika upya, na hesabu ya mchanga na mfinyanzi tuliyopima wenyewe na wale wamama, shamba kwa shamba. Kode ni AGPL. Jedwali la vipimo, sababu ni data, nimeliweka chini ya Creative Commons, ile inayodai jina litajwe na mabadiliko yatolewe kwa masharti yale yale. Kipande kidogo cha kubadilisha vipimo, kitu ambacho yeyote angeandika kwa saa moja, nimekiacha MIT, sababu hakuna kitu cha kurudi pale. Na kando ya AGPL nimeweka ukurasa mmoja wa Kifaransa na Kiswahili unaoeleza masharti. Nimeandika juu yake kwamba huo si lisansi, ni maelezo tu.

Mudogo wangu wa mahindi akaniuliza tena: “Sasa yaya, miye nitie gani?” Sikumjibu jina. Nilimuuliza nani atakayeichukua programu yake, ataiweka wapi, kwenye simu ao kwenye serveri, na akiiboresha, ni nani anayepaswa kuipata ile iliyoboreshwa. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: “Yule mama alinipatia mbegu ya kujaribia.”

Jibu lilikuwa pale. Kilichobaki ni kutafuta lisansi inayosema hivyo, na kuisoma mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuitia.